Arusha hadi Oldupai: safari ya kulitafuta jiwe jeusi la chini ya korongo

Simulizi hii nimeipanga baada ya kurudi nyumbani Morogoro, kwa kutumia daftari lililojaa vumbi, picha za simu na risiti nilizokuwa nimezikunja kwenye jalada la daftari hilo. Watanzania wengi wanaokwenda Oldupai huenda kwa ajili ya Zinjanthropus, lile fuvu la kale la jamii ya binadamu, na hawakosei. Mimi nilikwenda kwa ajili ya lava iliyo chini kabisa ya korongo, ambayo wageni huiona kama sakafu tu ya mambo muhimu yaliyo juu yake. Lava hiyo ndiyo iliyofanya kipande kizima cha muda wa Dunia, kuanzia takribani miaka milioni 1.95 hadi milioni 1.77 iliyopita, kiitwe Olduvai, yaani Oldupai kwa tahajia ya zamani, katika maandishi ya jiolojia ya ulimwengu mzima, hata pale miamba inayojadiliwa inapokuwa Italia au chini ya Bahari ya Pasifiki. Nilisafiri na rafiki yangu mwanajiolojia, ambaye nitamwita Mwalimu kwa sababu ndivyo dereva alivyomwita tangu mwanzo, na sote tukazoea.

Jumanne: Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu

Noah za Karatu haziondoki mpaka kiti cha mwisho kipate mtu, kwa hiyo tuliingia garini saa moja asubuhi tukaondoka saa mbili na nusu. Nauli ilikuwa shilingi 10,000 kwa kila mmoja, na begi la Mwalimu, lenye nyundo, dira na chupa za maji, likatozwa 2,000 zaidi baada ya mabishano mafupi ambayo kondakta alishinda. Hadi Makuyuni hakuna la kueleza ila lami na matuta.

Mto wa Mbu gari lilisimama muda mrefu kupakia magodoro na madumu ya mafuta ya kula juu ya keria, nasi tukashuka kununua ndizi nyekundu. Mama aliyetuuzia, baada ya kuitikia shikamoo yetu, alituona tumeinamia dira mbili tulizoziweka kwenye kona ya meza yake, akauliza kama tumekuja kupima kiwanja cha mtu. Mwalimu akamwonyesha tulichokuwa tunakitazama. Katika dira ya kwanza, iliyotengenezwa kwa ajili ya ukanda wetu, sindano ililala sawasawa na kuzunguka bila kukwama. Katika dira ya pili, ambayo Mwalimu aliletewa na ndugu yake kutoka Ulaya, ncha ya kusini ya sindano ilikuwa imeinama hadi kugusa kitako, na kila dira ilipozungushwa sindano ilikwama.

Sababu yake ndiyo msingi wa safari yote. Uga wa sumaku wa Dunia, yaani nguvu ya sumaku inayoizunguka, haulali sambamba na ardhi isipokuwa kwenye ikweta ya sumaku, ambayo kwa upande wetu wa Afrika hupita Ethiopia. Ulaya uga huo huzama ardhini kuelekea kaskazini, kwa hiyo watengenezaji wa dira huongeza uzito kidogo upande wa kusini wa sindano ili ikae sawa. Kaskazini mwa Tanzania tuko upande wa pili wa ikweta hiyo: uga hutoka ardhini ukipanda kuelekea kaskazini kwa pembe inayozidi digrii 20, na ule uzito ulioongezwa Ulaya huzidi kuivuta chini ncha ambayo tayari inavutwa. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema hiyo ya Ulaya imechoshwa na safari, akatuongezea ndizi mbili bila malipo.

Kwa anayepanga kwenda: ukinunua dira, uliza imetengenezwa kwa ukanda gani. Dira ya simu haina tatizo hilo la uzito, lakini ukiitumia ndani ya gari au juu ya boneti haitakupa jibu la kuaminika, kwa sababu chuma cha gari huipotosha.

Baada ya Mto wa Mbu barabara hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, na mahali ilipokatwa kwenye mwamba huonekana lava nyeusi zilizopangana. Mwalimu aliutumia mlima huo mzima kunieleza namna jiwe linavyoweka kumbukumbu. Lava ya basalti humwagika ikiwa na joto la digrii 1,000 na zaidi za Selsiasi, na ndani yake mna chembe ndogo za magnetiti, madini ya chuma yenye usumaku. Katika joto hilo chembe hizo hazina usumaku wa kudumu. Lava inapopoa na kushuka chini ya digrii 580, usumaku wa chembe huanza kujipanga kufuata uga wa Dunia uliopo wakati huo mahali hapo, na jiwe likishapoa mpangilio huo hubaki ulivyo, hata kama uga wenyewe baadaye utabadilika nguvu, utayumba au utageuka kabisa kaskazini ikawa kusini. Uga hutokana na mwendo wa chuma kiowevu katika kiini cha nje cha Dunia, kilomita zipatazo 2,900 chini yetu, na mwendo huo haujawahi kutulia. Abiria mmoja wa kiti cha nyuma alimwuliza kama hiyo ndiyo sababu simu yake inapoteza mtandao kwenye kona zile. Mwalimu alijibu kwa upole kwamba hapana, huo ni mlima tu.

Karatu tulipata chumba cha shilingi 25,000 kwa kila mtu, maji ya moto kwa ndoo, na jioni tukala nyama ya mbuzi ya kuchoma, ugali na kachumbari yenye vitunguu vya Mangola. Hapo ndipo tulipotafuta gari. Tulikubaliana na mwenye Land Cruiser ya zamani, pamoja na dereva, kwa shilingi 300,000 kwa siku, mafuta yakiwa juu yetu, na wageni wawili kutoka Dodoma walioifikia nyumba ile usiku wakaomba tugawane gharama. Lilikuwa jambo la heri, kwa maana kwa watu wawili peke yao hesabu ingekuwa nzito.

Jumatano: lango la Lodoare, ukingo wa kreta, Oldupai, mchanga unaohama

Tuliondoka kabla ya mapambazuko. Mama mwenye nyumba ya wageni, ambaye hatukuwa tumemwomba chochote, alikuwa ameshajaza chai ya maziwa katika chupa yake mwenyewe ya kutunzia joto na kufunga chapati kwenye gazeti, akisema, "Huko juu ni baridi wanangu, chupa mtaniletea mkirudi." Chai hiyo ilituokoa. Kutoka langoni barabara hupanda ndani ya msitu, na ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro ukungu ulikuwa mzito hata dereva akawa anaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Kreta hatukuiona. Tuliambiwa tu kwamba ipo upande wa kulia.

Malipo ya kuingia hifadhini hufanywa kwa namba ya malipo inayotolewa kabla ya kufika, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango cha chini sana kuliko wageni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa. Viwango hubadilika, ndiyo maana sivitaji hapa. Hakikisha umeomba pia ruhusa ya Oldupai na, kama utalala, ya kambi, kwa sababu kila kimoja kina malipo yake.

Upande wa pili wa ukingo ukungu ulikatika ghafla, na tukaanza kuteremka kuelekea nyanda kavu. Hapo ndipo tairi la nyuma lilipopata pancha, mahali pa mteremko ambapo jeki haikutaka kusimama. Vijana wawili wa Kimaasai waliokuwa wakichunga waliacha ng'ombe wao, wakabingirisha mawe mawili makubwa kukinga magurudumu, na mmoja wao akalala chini ya gari kushika jeki kabla hatujamwomba. Hawakutaka fedha. Waliomba maji, tukawapa chupa tatu, na wakacheka sana walipomwona Mwalimu, tairi likiwa limeshafungwa, amepiga magoti kuchunguza jiwe la kukingia kwa kioo cha kukuzia. Pancha hiyo ilitupotezea saa nzima na dakika kadhaa.

Makumbusho ya Oldupai yako ukingoni mwa korongo, na kutoka pale unaona matabaka yote yamejipanga mbele yako: Tabaka la Kwanza la kijivu chini, la Pili juu yake, kisha la Tatu lenye wekundu usioweza kuukosa, la Nne, na mengine membamba juu. Ndani utakuta habari za Mary na Louis Leakey na fuvu ambalo Mary aliligundua tarehe 17 Julai 1959. Mwongozaji wetu alizieleza vizuri, naye alionekana kufurahi tulipomwomba atupeleke pia kwenye lava, akasema ombi hilo halimfikii mara nyingi. Ni lazima kuteremka na mwongozaji, na ni haki iwe hivyo.

Nieleze kwa nini lava ile ina uzito. Mwaka 1929 mwanasayansi wa Japani, Motonori Matuyama, alionyesha kwamba miamba ya volkeno ya zamani kidogo nchini mwake na jirani ilikuwa na usumaku unaoelekea kusini, kinyume na wa leo, ilhali iliyo michanga ilielekea kaskazini. Alisema uga wa Dunia uligeuka. Wengi hawakumwamini, kwa sababu hakukuwa na njia nzuri ya kupima umri wa mawe hayo na kuyalinganisha ya Japani na ya Ulaya au Afrika. Njia hiyo ilipatikana pale vipimo vya potasiamu na agoni vilipoweza kutumika kwa miamba michanga, na mojawapo ya ushindi wake wa mwanzo ulikuwa hapa hapa Oldupai: mwaka 1961 Louis Leakey na wenzake Evernden na Curtis walitangaza kwamba tabaka la Zinjanthropus lina takribani miaka milioni 1.75, wakati kabla yake Leakey mwenyewe alikuwa akikadiria miaka 600,000 hivi.

Wanasayansi Sherman Grommé na Richard Hay wakapima usumaku wa lava ile, yaani basalti ya chini ya Tabaka la Kwanza, na mwaka 1963, katika andiko ambalo kichwa chake bado kinaitaja nchi kwa jina la Tanganyika, wakaeleza kwamba inaelekea kaskazini, kama leo. Jibu hilo peke yake halishangazi mtu. Ukishika jiwe lililopoa mwaka jana litakwambia vivyo hivyo. Kinachoshangaza kinakuja unapoweka umri kando ya mwelekeo: mawe ya sehemu nyingine za dunia yaliyokaribiana nalo kwa umri yalikuwa yamegeuka. Hapo ama jiwe la Oldupai lilikuwa na kasoro, au ndani ya ule muda mrefu wa kugeuka, ambao sasa unaitwa kwa jina la Matuyama, palikuwa na kipindi kifupi ambacho uga ulirudi kaskazini kisha ukageuka tena. Wataalamu wa Marekani waliokuwa wakitengeneza kalenda ya kwanza ya mageuzi ya uga, Allan Cox, Richard Doell na Brent Dalrymple, mwanzoni walifikiria kwamba huenda uga hugeuka kwa vipindi vinavyolingana vya takribani miaka milioni moja. Oldupai iliuharibu ulinganifu huo. Mwaka 1964 walitenganisha vipindi virefu na matukio mafupi, na mojawapo ya matukio hayo wakaliita Olduvai.

Kuteremka hadi kwenye kijito kikavu kulichukua muda kuliko nilivyodhani, kwa sababu wageni wa Dodoma walitaka kwanza kupiga picha kwenye jiwe la kumbukumbu la mahali fuvu lilipopatikana. Lava yenyewe haina uzuri wa kupigia picha. Ni mwamba mweusi unaoelekea rangi ya kijivu, wenye matundu madogo ya mapovu ya gesi, baadhi yakiwa yamejaa kitu cheupe, na sehemu ambazo maji ya masika huipita zimelainika hadi zinang'aa. Nilipouchungulia kwa kioo cha kukuzia niliona vitone vya kijani kilichofifia, ambavyo Mwalimu alisema ni olivini. Magnetiti yenyewe ni ndogo mno kuonekana hivyo.

Mwalimu aliweka dira kwenye mwamba na kuisogeza kidogo kidogo. Sindano ilipepesuka digrii chache hapa, ikatulia, ikapepesuka tena hatua moja mbele. Mgeni mmoja wa Dodoma alishangilia kwamba tumeiona kaskazini ya miaka milioni mbili, na Mwalimu akamzuia mara moja. Kinachoisukuma sindano pale ni mchanganyiko: usumaku wa kale, usumaku ambao uga wa leo unauamsha ndani ya jiwe, na mahali pengine athari za radi, ambayo ikipiga mwamba huweza kuvuruga kumbukumbu yake. Ili kupata mwelekeo wa kale watafiti hutoboa vipande vya mviringo vyenye upana wa sentimita 2.5 hivi kwa mashine inayopozwa kwa maji, na kabla ya kukitoa kipande huandika mwelekeo wake kwa kutumia kivuli cha jua, kwa kuwa dira ya kawaida haiaminiki juu ya basalti. Maabarani kipande hicho hupashwa joto hatua kwa hatua ndani ya chumba kilichokingwa dhidi ya uga wa leo, ili usumaku dhaifu wa baadaye uondoke na ule wa awali ubaki peke yake.

Kisha likaja swali ambalo mimi nililiona zuri kuliko yote ya siku hiyo. Ikiwa uga ungekuwa sumaku rahisi iliyosimama sawa na mhimili wa Dunia, hapa, takribani digrii 3 kusini mwa ikweta, ungepaswa kuinuka kwa digrii 6 tu. Kwa nini basi leo unainuka kwa zaidi ya 20, kama nilivyoeleza pale Mto wa Mbu? Kwa sababu uga wa wakati wowote mmoja si rahisi kiasi hicho: huyumba karne baada ya karne, na ni wastani wa maelfu ya miaka tu unaokaribia zile digrii 6. Mmwagiko mmoja wa lava hupoa kwa siku au miaka michache, kwa hiyo unachonasa ni picha ya uyumbaji wa wakati ule, wala si wastani. Ndiyo maana watafiti hupima mimwagiko mingi iliyopishana kwa umri, na anayekuletea pembe ya jiwe moja akakwambia ndiyo hali ya uga wa kale, mwulize mawe mengine yako wapi.

Mwongozaji alituonyesha pia kwa kidole sehemu ya chini ya Tabaka la Pili, ambako kipindi cha Olduvai huishia na uga kugeuka tena kuelekea kusini. Hakuna mstari unaoonekana. Udongo wa juu na wa chini unafanana, na zana za mawe zinaendelea kupatikana pande zote mbili, maana viumbe waliozitengeneza waliendelea kuishi hapa uga ulipogeuka. Mageuzi kama hayo huchukua maelfu ya miaka, na nguvu ya uga hupungua sana yanapotokea.

Onyo kwa wenye mikono myepesi: usiokote hata kokoto. Kuchukua jiwe au kisukuku Oldupai ni kosa kisheria, na hata mtafiti mwenye shahada zote huhitaji vibali vya utafiti na vya mambo ya kale kabla ya kugusa chochote kwa nyundo. Nyundo ya Mwalimu haikutoka kwenye begi safari nzima, jambo ambalo lilinifanya nizikumbuke kwa uchungu zile 2,000 za kondakta.

Mchana tulikula wali maharage tuliokuwa tumefungiwa Karatu, tukaenda kwenye mchanga unaohama, mwendo mfupi kutoka korongoni. Ni kilima cheusi chenye umbo la mwezi mwandamo, kilichofanyizwa na majivu ya volkeno ya Ol Doinyo Lengai, nacho husukumwa na upepo kuelekea magharibi kwa wastani wa mita 17 kila mwaka, na vigingi vilivyoachwa nyuma yake vinaonyesha kilikuwa wapi zamani. Mwongozaji alichota konzi moja pembeni, akaimwagia juu ya karatasi, na dereva akatoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio. Alipoipitisha chini ya karatasi, chembe nyeusi zilisimama kama manyoya ya paka aliyeshtuka, zikaifuata sumaku kila ilikokwenda, na chembe nyeupe zikabaki zimelala. Mwalimu alizificha dira zake kwenye gari kabla ya mchezo huo kuanza, kwani sumaku ya namna hiyo inaweza kuiharibu dira moja kwa moja.

Mchanga wenye chuma kingi kiasi hicho, hata hivyo, hautunzi kumbukumbu yoyote unapokuwa kwenye kilima, kwa kuwa upepo huugeuza kila siku. Chembe hizo hizo zikidondoka katika maji yaliyotulia hupata nafasi ya kujielekeza kufuata uga zikizama, na tope likishagandamana juu yake mwelekeo hubaki. Oldupai palikuwa na ziwa wakati Tabaka la Kwanza likijengeka, ndiyo sababu si lava peke yake inayoweza kuhojiwa.

Usiku tulilala kambi ya Simba ukingoni mwa kreta. Beba blanketi la pili, na usiache chakula ndani ya hema.

Alhamisi: ukingoni, kisha tanuri la matofali Karatu

Asubuhi mbingu ilikuwa wazi, na kreta ambayo tulikuwa tumeipita bila kuiona ikajitokeza yote, karibu kilomita 20 kutoka ukingo hadi ukingo na mita 600 kwenda chini. Lava za kuta zake nazo zimepimwa, na matokeo yalichapishwa mwaka 1970, Grommé na Hay wakiwa tena miongoni mwa waandishi. Tulikaa pale hadi chai ilipokwisha. Kuteremka ndani kulikuwa nje ya bajeti.

Karatu tulirudisha chupa ya mama pamoja na kilo mbili za sukari, ambazo alizikataa mara mbili kabla ya kuzipokea. Kwa kuwa gari lilikuwa letu hadi jioni, Mwalimu aliomba tusimame kwenye tanuri la matofali tuliloliona kando ya barabara. Mzee mwenye tanuri alikuwa amemaliza kuchoma siku chache nyuma, na vijana walikuwa wakibomoa safu za juu. Alituruhusu kupanda. Matofali yaliyokuwa karibu na mdomo wa moto yalikuwa mekundu sana na yenye mlio mkali ukiyagonga. Ya pembeni yalikuwa na rangi ya chungwa na yalimeguka kwa ukucha.

Yale mekundu, Mwalimu alimwambia mzee, sasa yanajua kaskazini iko wapi, mradi yangebaki mahali yalipochomwa. Udongo una chembe za chuma, moto huzivusha joto lao la kusahau, na zinapopoa huandika uga wa siku hiyo. Mzee alitaka kujua ni nani aliyewahi kulitumia jambo kama hilo, na jibu likamfurahisha kwa kuwa linahusu kazi yake: Mfaransa Bernard Brunhes alichunguza huko Cantal, Ufaransa, udongo uliochomwa na lava iliyopita juu yake, ambao ni tofali lililochomwa na volkeno badala ya kuni. Udongo na lava vyote vilielekea kinyume na dira ya wakati wake. Kwa kuwa vitu viwili tofauti vilitoa ushahidi mmoja, alihitimisha mwaka 1906 kwamba uga wenyewe ndio uliokuwa umegeuka. Kipindi tunachoishi sasa, kilichoanza takribani miaka 773,000 iliyopita, kinaitwa kwa jina lake.

Afrika imetoa ushahidi wa namna hiyo hiyo wa karibu zaidi. Katika bonde la Mto Limpopo wakulima wa Enzi ya Chuma walikuwa wakichoma nyumba na maghala ya nafaka kwa sababu za kimila, na sakafu za udongo zilizoungua zikabaki mahali pake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulizipima sakafu hizo na kuonyesha kwamba kati ya karne ya 13 na ya 16 uga wa kusini mwa Afrika ulipungua nguvu kwa haraka. Hilo linawagusa wanaofuatilia hali ya leo, kwa sababu eneo ambalo uga ni dhaifu kupita yote linaenea kusini mwa Bahari ya Atlantiki kati ya Afrika na Amerika ya Kusini, na kwa ujumla nguvu kuu ya uga wa Dunia imepungua kwa karibu asilimia 9 au 10 tangu mwanasayansi wa Ujerumani, Gauss, alipoanza kuipima katika miaka ya 1830. Mzee aliuliza kama basi utageuka tena karibuni. Mwalimu alisema umewahi kupungua mara nyingi ukarudia nguvu zake bila kugeuka, na kwamba hata ukianza leo, wajukuu wa wajukuu zake watazikwa kabla haujamaliza. "Basi nitaendelea na matofali," mzee akasema, akatuonyesha bei: shilingi 150 kwa moja, usafiri juu yako.

Ijumaa: Karatu hadi Arusha, na hesabu

Safari ya kurudi haikuwa na jipya, ila kwamba Noah ilijaa kwa dakika ishirini na begi halikutozwa. Arusha tulikula loshoro karibu na stendi tukaagana.

Hesabu yangu, kuanzia Arusha na kurudi Arusha, bila ada za hifadhi, ilikuwa hivi. Gari kwa siku mbili likigawanywa kwa watu wanne lilikuwa 150,000, mafuta 70,000 kwa kila mmoja, nauli za Noah na lile begi 22,000, malazi ya Karatu kwa usiku wa Jumanne na wa Alhamisi 50,000, na chakula ambacho sikukiandika vizuri lakini hakikuzidi 60,000. Anayetaka kupunguza anaweza kuondoka Karatu alfajiri na kurudi jioni hiyo hiyo bila kulala ukingoni, mradi asipate pancha. Msimu wa kiangazi ni rahisi kwa barabara na mgumu kwa mapafu. Funga kitambaa puani kuanzia mteremko wa nje ya kreta. Ukifika makumbusho, mwambie mwongozaji mapema, kabla hajapanga muda wake, kwamba unataka kufika kwenye basalti ya chini ya Tabaka la Kwanza, kwa sababu ziara ya kawaida haiendi huko na kuteremka na kupanda kwa mguu kwenye jua la saa saba si jambo la kuomba dakika za mwisho.